Ramani Isiyo na Maji

Guleid alikuwa mwalimu wa darasa la tatu mjini Garissa, na hakuna kitu alichokichukia duniani kama stuli. Alipokuwa chuo cha ualimu alitengeneza stuli mwaka mzima. Mwaka wa pili wakamfundisha kusuka vikapu, yeye mtoto wa wafuga ngamia, ambaye nyumbani kwao wanawake husuka vyombo vya kutilia maziwa na tone lisivuje. Sasa, mwaka 1966, chuo kikuu kule Nairobi kilimjibu kwamba kingempokea, ila stuli hazihesabiwi, na vikapu navyo havihesabiwi. Katika yote aliyosomea chuoni, Kiingereza na Hisabati tu ndiyo yaliyokubaliwa. Akitaka kuingia bila kuanza upya, aongeze Historia, kisha achague moja kati ya Biolojia na Jiografia.

"Miaka yangu miwili imeliwa na mchwa," alisema, akatema mate.

Historia aliisoma peke yake, akaifanyia mtihani, akapita. Likabaki lile moja. Moyo wake ulikuwa kwenye Biolojia, kwa sababu alitaka siku moja awe daktari wa mifugo. Alikuwa ameona ngamia wengi mno wakifa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyejua jina lake. Lakini mwalimu hakuruhusiwa kujichagulia somo. Ilikuwa lazima apite kwa Awil Jama.

Huyu Awil alikuwa karani mkubwa katika ofisi moja ya mjini, na ndiye aliyewapangia walimu masomo ya kuwafikisha chuo kikuu. Tuseme ukweli, alikuwa mtu wa kutia kinyaa. Alijimwagia manukato juu ya jasho la juzi. Chai yake ilijaa sukari hata nzi wakafanya makao kwenye ukingo wa kikombe, naye akawapuliza tu na kuendelea kunywa. Na alikuwa na tabia ya kulamba kidole kila alipogeuza karatasi, karatasi za watu, hivi kwamba vyeti vya nusu ya walimu wa mkoa ule vilikuwa na mate yake. Watu walimvumilia. Mwenye ufunguo wa mlango huvumiliwa hata akinuka.

Nyumbani alisema Kisomali kama mtu yeyote, lakini ofisini alipenda Kiswahili, ili wakubwa wasikie, ingawa p ilimtoka b na v ikamtoka f.

"Biolojia inataka maabara," alisema. "Hapa Garissa maabara iko wabi? Utabasua chura ndani ya sufuria ya mama yako?"

"Adeer, kuna shule Thika yenye maabara," Guleid akamjibu kwa heshima, akimwita baba mdogo kama ilivyo desturi. "Naweza kwenda huko wakati wa likizo."

"Na kibali ya kusafiri nani atakuba, siku hizi ya shifta? Kijana ya Kisomali na begi, anaenda Thika? Askari watakushusha kwa daraja tu." Akalamba kidole, akageuza ukurasa. "Chukua Jiografia. Hiyo ni somo ya watu yetu. Unachora mabu, hiyo ramani ya kwenu, kilima, njia, fisima, basi. Keinan wa Bute nilimbangia hivyo hivyo. Leo iko Nairobi, anafaa tai."

Keinan alikuwa amelala kitanda cha juu na Guleid cha chini, chuoni, na stuli walitengeneza pamoja. Ikiwa Keinan kapita kwa kuchora, mbona yeye asipite? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Guleid akainama, akaandikwa Jiografia. Alipotoka nje aliwakuta walimu wengine wawili wa kutoka Lafey wakingoja zamu, nao baadaye wakatoka na Jiografia vilevile. Alicheka. Alidhani Awil ni mvivu tu.

Ili achore ramani ya kwao ilimbidi aende kwa mama yake mdogo, Rukiyo, dada wa marehemu mama yake. Guleid alikulia shuleni. Nchi aliyozaliwa, ile ya kuelekea Masalani, mbali na mto, aliijua kwa kusimuliwa. Rukiyo aliijua kwa miguu. Lakini siku hizo Rukiyo hakuwa huko. Serikali ilikuwa imewakusanya wafugaji katika kambi nje ya mji, ikawazungushia miiba na kuwawekea askari langoni, wasije wakawalisha shifta, waasi waliokuwa wakipigana na serikali.

Kambi ile ilinuka. Mbuzi walikufa kwa kukosa malisho na hapakuwa na ruhusa ya kwenda mbali kuitupa mizoga. Maji yalikuwa katika tangi moja la bati, ya kijani, yenye vijidudu vyekundu vilivyocheza juu, na wanawake waliyachuja kwa ncha ya mtandio kabla ya kuwapa watoto. Rukiyo alimkaribisha Guleid kwa chai iliyopikwa kwa maji hayo. Akainywa, kwa sababu mgeni hakatai. Ilikuwa na ladha ya kitambaa kibichi. Alipogeuza uso ili akohoe, Rukiyo alimwona, akaona aibu, na aibu ile ya mama mzima mbele ya kikombe chake ikamchukiza Guleid kuliko chai yenyewe.

"Habaryar," alisema, akimwita mama mdogo kwa Kisomali chao, "niambie visima vyetu viko wapi. Nataka kuvichora."

Rukiyo alitupia jicho askari wa langoni. "Kisima hakitajwi kwa mtu asiye na kiu."

"Ni kwa ajili ya shule. Nikipita, nitakuwa daktari wa ngamia."

"Mume wangu yuko huko na ngamia waliobaki," akasema kwa sauti ya chini. "Askari hawajavigundua. Basi wewe ni mtoto wa dada yangu, nikikuficha wewe nimwambie nani?" Akachukua kijiti, akapangusa mchanga, akamchorea. Hapa ni kisima alichochimba babu yako. Hapa cha yule mjane. Hapa maji ni ya chumvi lakini hayakauki. Akafuata kila njia kwa kijiti, akitaja mti kwa mti, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyefika nyumbani.

Guleid alichora kwa wino wa buluu, ramani safi kabisa. Akaikunja, akaitia mkobani, akaenda kwa Awil. Aliambiwa asubiri ndani, kwa sababu Awil alikuwa na mgeni chumba cha pili. Mlango baina yao ulikuwa wazi nusu. Ukutani kule alikokuwa mgeni palikuwa na ramani.

Aliijua kabla hajasoma jina. Keinan alikuwa na namna yake ya kuandika herufi, zenye mikia mirefu. Nchi ya Bute, njia zake, visima vyake. Juu, kwa wino wa mkufunzi wa chuo kikuu aliyeisahihisha na kuirudisha: alama tisini, kazi nzuri sana. Na juu ya kila kisima, mtu mwingine alikuwa ameweka msalaba wa penseli nyekundu.

Mgeni alikuwa afisa wa jeshi. Akasema Kiswahili fasaha cha bara, akinyoosha kidole kwenye ramani: "Hivi vyote tumeshavifukia, shifta wasipate maji. Hii ya Masalani ndiyo ninayoingoja. Umesema iko tayari?"

"Kijana analeta leo," Awil akajibu, akapuliza nzi kwenye kikombe chake. "Huwa naleta yote kwako kwanza, afande, ndio naituma chuoni."

Kikulacho ki nguoni mwako. Guleid aliubana mkoba wake kwapani. Akakumbuka wale wawili wa Lafey. Akakumbuka jinsi alivyocheka. Mtu huyu alikuwa akiwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, vijana wote wa kaskazini, akiwapangia masomo kwa kidole chenye mate, na kila mmoja alijiona amepewa alama ya bure. Akatoka kimyakimya na mkobani mwake nchi nzima ya mama yake.

Kubadili somo hakungewezekana. Muda ulikuwa umepita, na wa kubadili angekuwa Awil yuleyule. Asipopeleka ramani, chuo kikuu hakipo. Akiipeleka, babu yake anafukiwa mara ya pili, na mume wa Rukiyo anakaa jangwani na ngamia wenye kiu. Jioni hiyo alirudi kambini, akaitia ile ramani chini ya sufuria ya chai ya Rukiyo. Rukiyo aliitambua karatasi ikiungua. Alisogeza kuni.

Kisha Guleid akachora nyingine. Akaweka barabara kuu, daraja, mto Tana, ofisi, maduka, na kambi. Kila kitu ambacho serikali ilikuwa tayari inakijua. Akampelekea Awil.

Awil akalamba kidole, akaigeuza, akaigeuza tena. "Na maji?"

"Hakuna maji."

"Hakuna maji! Na mbuzi yenu inakunywa nini?"

"Inakunywa ile ya tangi la kambi, adeer. Karibu siku moja nawe uionje."

Ilionekana wazi kwamba Awil ameelewa. Makarani walikuwa wakitazama. Alitabasamu tu, akaipiga muhuri na kuituma chuoni bila kinyongo chochote usoni, na tabasamu lile ndilo lililomfuata Guleid hadi nyumbani. Majibu yalipokuja, mkufunzi aliandika sentensi moja: mwanafunzi huyu haifahamu nchi yake. Alipewa alama ishirini. Guleid akarudi darasa la tatu, na mwaka uliofuata mwalimu mkuu akamwongezea somo la ufundi wa mikono. Akawafundisha watoto kutengeneza stuli.

Mwaka 1967 Keinan alipita Garissa akielekea kwao. Viatu vyake viling'aa, tai alikuwa nayo kweli, na alikuwa mtu mwema kama zamani. Alimletea Guleid vitabu viwili vya Biolojia, kwa kuwa alikumbuka anavipenda. Wakakaa chumbani kwa Guleid, chai ikaletwa.

"Walaal, ndugu yangu, niambie," Keinan akasema, "ulianguka vipi Jiografia? Somo lenyewe ni kuchora tu. Ungeniandikia, ningekusaidia."

Guleid akamsogezea kikombe. Akauliza, "Watu wa kwenu Bute wako salama?"

Uso wa Keinan ukabadilika. "Mama yuko kambini. Ngamia wamekwisha wote. Askari walifukia visima vyetu, kimoja kimoja, hata vile vya kichakani ambavyo mgeni hawezi kuviona." Akatikisa kichwa. "Kuna mtu aliyewaonyesha, Guleid. Mtu wetu. Nikimjua nitamtemea mate usoni."

Guleid aliangalia vile vitabu viwili vipya, kisha akaangalia mikono ya rafiki yake, yenye vidole virefu kama mikia ya herufi zake.

"Kunywa chai," akamwambia. "Inapoa."