Mbawakawa wa Kabati la Seremala

Kwa miaka thelathini mama yangu mdogo aliainisha mbawakawa wanaokula mbao katika jumba la makumbusho, akihesabu pingili za vipapasio ili kujua kila mmoja ni wa jenasi gani.

Mumewe, seremala, alipofariki, kabati la mwisho alilomtengenezea likaanza kutoa sauti: kwaru, kwaru, kila alasiri.

"Ni marehemu huyo, ana neno na wewe," jirani alimwambia.

Mama mdogo alicheka. Sauti ya buu akitafuna mbao aliijua fika. Hata hivyo, siku moja nilimkuta ameegemeza sikio kwenye mlango wa kabati, akinong'ona, "Nakusikia, mume wangu."

Mwaka wa nne unga wa mbao ulimwagikia nguo, akatoka mbawakawa mweusi. Jenasi yake mama mdogo aliitaja papo hapo. Kisha akanigeukia.

"Huyu alikuwemo ndani ya ubao baba yako mdogo alipokuwa akiupiga randa. Mdudu huyu alimsikia akiimba."

Mdudu alikufa baada ya siku kumi. Mama mdogo alimpeleka makumbusho. Kwenye kibandiko chake, panapoandikwa jina la aliyemkamata, aliandika la mumewe. Mkuu wake wa kazi alimuuliza sababu.

"Ndiye aliyemleta nyumbani," alijibu, na hakuna aliyethubutu kulifuta.