Wiki Mbili Uingereza

Msusi wa saluni yetu ya Greyville, hapa Durban, husuka huku ameuma kitana, na akikitoa mdomoni wateja hujua kwamba safari ya Uingereza inaanza. Vidole vikienda mbio, atataja kondoo, vijiji vya nyumba za mawe, na bahari ya baridi ambayo wenyeji huitazama wakiwa ndani ya magari. Binti yake, aliyechukuliwa na shangazi yake kwenda kuishi huko akiwa na miaka mitatu, alimtembeza huko wiki mbili nzima.

Jumamosi moja mteja mgeni, Joséphine, Mkongo mwenzake, alimwuliza, "Maman, mutoto alifurahi kukuona?"

"Alinitembeza muzuri sana. Kila kijiji alinieleza historia yake."

"Na kwake kuko namna gani?"

"Kwake sikufika. Nililala ku hoteli." Mikono ilisimama. "Siku ya mwisho tulikunywa chai mu duka ya chai ya kijiji kimoja. Mwenye duka akamuuliza mimi ni nani. Akajibu, 'Mgeni, ametoka Durban.' Nilisikia Kiingereza chake chote."

Msusi alifumua msuko aliokwisha kuumaliza, akauanza upya, polepole, kana kwamba hajui kusuka.