Pikapu yangu ilichemsha kila nikitoka Shimoni, na fundi akaapa hana kosa

Wakuu, salaam aleikum. Wenye haraka piteni tu, hii ina urefu kidogo. Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Ukunda, majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mwanamke, nauza samaki. Asubuhi nachukua mzigo Shimoni, nausambaza Diani kwa wenye mikahawa na nyumba za wageni. Kazi yote iko juu ya pikapu moja kuukuu.

Mwaka jana injini ilikufa, nikawekewa nyingine isiyo ya gari lile. Basi njia zote za maji zikabidi zisukwe upya. Fundi wangu, nimwite Kassim, akaweka mipira mipya ya rejeta na tangi dogo la maji, akalifunga juu kabisa karibu na kioo.

Mpira mnene unashuka kwenye pampu. Mwembamba, kama kidole, unatoka juu ya rejeta kurudi kwenye tangi.

"Huu mdogo ndio wa kutolea hewa," aliniambia. "Ukiziba, maji hayazunguki vizuri."

Gari likatulia. Miezi ikapita.

Halafu likaanza kuchemsha.

Mjini halina neno, mshale wa joto umetulia katikati. Lakini nikiwa nimebeba samaki na barafu, natoka Shimoni, mshale unapanda mpaka nasimama. Nikifungua boneti, ni mvuke mtupu. Kassim anajaza maji, anatoa hewa, anaapa kazi yake haina kosa, nashukuru. Baada ya siku kadhaa, yale yale.

Nikaanza kumshuku. Fundi anayekuona kila wiki ana haja gani ya kukuponya?

Kilichonizidishia ni jirani mmoja, Salim, ambaye amelitaka lile gari tangu zamani. Siku moja ananiambia dukani, "Pole, nasikia jana limekusumbua tena. Ukichoka niambie, dada."

Jana ile nilikuwa sijamwambia mtu ila Kassim.

Na mume wangu, Bakari. Ila yeye sikumhesabu. Nani humhesabu mumewe?

Nikajua basi, hawa wawili wana lao, fundi na mnunuzi. Nikawa namwamkia Kassim kwa mdomo tu.

Sasa sikieni hili. Nilimpitia mavyaa, yaani mama yake Bakari, kumtoa kliniki Msambweni. Ana presha. Nyuma nimepakia mzigo. Tukiwa njiani mshale ukapanda. Mama wa watu akaketi juu ya kreti kando ya barabara, juani, anajipepea na kanga, na midomo imekauka. Nilimpa maji ya kunywa, nikawa nasoma kila dua ninayoijua. Niliona kabisa atanifia pale.

Siku ya pili sikwenda kwa Kassim. Nilikwenda kwa fundi mwingine Msambweni, mtu wa bara aliyehamia huku, Musyoka. Nikamwambia asiniulize historia, aangalie tu.

Akavuta ule mpira mdogo, akaubinya, akacheka kidogo.

"Madam, umekosana na nani?"

Ndani ya mpira mlikuwa na bolti. Safi, haina hata kutu, imesukumwa ndani na klipu ikakazwa juu yake vizuri. Ukiangalia kwa nje huoni kitu.

Wakuu, nikamwambia bolti ile anipe mimi.

Musyoka akaitoa. Mimi nikachukua rangi ya kucha kwenye mkoba, nikachora mstari mwembamba kutoka kwenye klipu mpaka kwenye mpira. Mtu akiigusa, mstari utakatika. Nikarudi nyumbani, sikumwambia mtu, na gari sikulipeleka gereji. Likalala uani kwangu, geti limefungwa.

Kila asubuhi nachungulia. Mstari mzima. Mzima.

Asubuhi moja nikakuta umekatika. Nikafungua klipu mwenyewe. Bolti mpya.

Geti lile lina funguo mbili tu. Moja yangu.

Nikangoja mchana. Bakari alikuwa anakula. Nikaziweka bolti zote mbili kando ya sahani yake.

"Hii ni nini?"

"Bolti."

"Nimeona ni bolti. Nakuuliza ni nini."

Akaacha kula. Akasema Salim alikuwa ameshakubali kulinunua, na yeye mwenyewe alitaka tu linichoshe, niliuze kwa hiari yangu.

"Kwa nini, Bakari?"

"Tangu hoteli iniachishe kazi, nikipita barazani wananiita mume wa mama samaki."

"Na mamako alipoketi juani, hii ilikuwa ndani?"

Akafunika uso. "Sikujua utampitia."

Nikamwambia, mimi sina la kuongeza, nenda ukamwambie mwenyewe.

Alikwenda. Waliyoongea siyajui. Kesho yake mavyaa alifika na begi lake, akaketi sebuleni, akamwita mwanawe mbele yangu.

"Nimekuja kukaa hapa. Na kila siku mkeo akienda Shimoni, nitapanda mbele pamoja naye. Haya, ziba tena nione."

Amepanda kweli, wakuu. Mshale haujapanda tena.

Kwa Kassim nimekwenda na kilo za samaki changu na maneno ya kuomba radhi. Alicheka, akasema alikuwa ameshajiona hajui kazi.

Wenye magari: likichemsha na hakuna panapovuja, fungueni mipira yote, hata ile midogo. Na mkishuku, shukuni mpaka ndani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, mimi nilikuwa nakitafuta gereji.

Sasa Bakari anaomba tuanze upya. Anataka awe ananiendeshea, tufanye kazi pamoja. Anaongea kwa upole, na bado simuelewi: ni toba, au ni njia nyingine ya kuufikia usukani?

Sijamjibu. Mngekuwa nyinyi, mngempa ufunguo? Nasoma maoni yote, hata ya kunitukana.