Kidole cha Mama Okeyo

Kwa miaka minne, kila aliyekunywa chai nyumbani kwa Mama Okeyo aliinywa pamoja na kidole chake. Alishika kikombe kwa mkono wa kushoto, akaingiza ncha ya kidole ndani ya ukingo, kisha akamimina polepole kwa mkono wa kulia. Chai moto ilipomgusa, alisema "Hapo," na kukupa kikombe chako. Hakuna aliyelalamika. Ni Chepngeno tu, rafiki yake wa tangu usichana, aliyethubutu kuuliza kama leo ametumia kidole cha kawaida au cha Jumapili.

Jina la Mama Okeyo ni Dorcus. Alikuja Boito kutoka upande wa ziwa akiwa na miaka kumi na tisa, akapata kazi katika kiwanda cha chai, kwenye chumba cha kuchambulia majani makavu, na humo akakaa miaka thelathini na moja. Vumbi la chai ni jepesi na lina ukaidi. Likiingia jichoni halitoki kwa kubembelezwa. Wanawake wa zamu walikuwa na dawa yao: chai ya rangi, nzito, bila sukari, iliyopoa kabisa. Unainamisha kichwa, mwenzako anakumiminia. Kila nchi ina maji yake ya macho. Kwingine ni maziwa ya mama anayenyonyesha, kwingine maji ya waridi. Boito ni chai, na aliyeshika birika alikuwa Dorcus. Hata alipostaafu, watu waliendelea kubisha mlangoni kwake, jicho moja limefumbwa, wakiomba "ile yako."

Jicho lake mwenyewe la kushoto lilikufa zamani, lilipochomwa na kijiti siku ya kupogoa michai. La kulia ndilo lililobaki, nalo mtoto wa jicho akalifunika taratibu, kama ukungu wa asubuhi ambao siku hiyo umekataa kuondoka.

Mkaza mwanawe, Magdaline, ndiye aliyempeleka hospitali huko Kericho. Upasuaji haukuchukua hata nusu saa. Kesho yake asubuhi muuguzi, kijana mmoja mrefu aitwaye Ombui, akamfungua kitambaa.

"Unaona nini, Mama?"

Dorcus akamkazia jicho. "Naona una mwanya. Na shati yako umeruka kifungo."

Wodi nzima ikacheka. Dorcus akacheka kuwashinda, hadi Ombui akamwomba atulie, asije akalitikisa jicho.

"Sasa nisikilize," Ombui akasema, akijifunga kifungo. "Daktari amekata tundu dogo sana, na kabla ya kumaliza ameweka dawa ya kuua vijidudu ndani ya jicho. Huyo ni askari wa kwanza. Haya matone ni wa pili: mara nne kwa siku, mikono imeoshwa kwa sabuni, na mdomo wa chupa usiguse jicho. Lile tundu bado ni mlango ambao haujafungwa. Usisugue. Maji yasiingie. Ukiona maumivu, wekundu, usaha, ama unaona vibaya kuliko leo, usingoje kesho. Mimi nina macho mawili na bado nayaogopea. Wewe una moja."

"Likiwasha je?"

"Litawasha kidogo, kama lina mchanga. Vumilia."

Akavumilia siku tatu. Ya nne jicho likawasha kama siku za kiwandani, na kidole chake kikaanza kupanda shavuni chenyewe. Magdaline alikuwa shambani akichuma. Ndipo mlango ukabishwa, akaingia Chepngeno na birika, nyuma yake Gathoni wa duka na jagi, na Nyanchoka wa nyumba ya pili na chupa. Wote watatu walikuwa wamewahi kuinamisha kichwa mbele ya Dorcus. Leo walikuja kumrudishia.

"Umetuosha miaka yote," akasema Chepngeno. "Keti. Leo ni zamu yako."

Dorcus akafikiri haraka. Ombui alisema maji. Hakusema chai. Akaketi, akainua uso, na Chepngeno akaleta birika karibu.

Karibu mno. Lile jicho jipya likaona kila kitu: utando mwembamba juu ya chai, kutu nyekundu kwenye mdomo wa birika, na katikati, bawa la nzi likizunguka bila haraka.

"Ngoja!"

"Ngoja nini? Imepoa vizuri."

"Chepngeno, ndani kuna nzi."

"Weee! Si ni kipande tu?"

"Mlango wangu uko wazi, na wewe unaniletea mgeni mwenye mabawa." Akashusha kichwa. "Ningekuwa na macho mawili, ningekupa moja ujaribu. Gathoni, nipigie yule muuguzi."

Namba iliandikwa kwenye karatasi ya matone. Gathoni akapiga, akaweka simu katikati ya meza ili wote wasikie. Dorcus akaeleza.

"Chai?" akauliza Ombui. "Chai ya kufanya nini?"

"Ya kuosha jicho."

"Mama! Hiyo chai kunyweni! Jicho limepata tone la saa sita?"

Halikuwa limepata. Nyanchoka akaosha mikono kwa sabuni hadi viwiko, kama anayekwenda kuzalisha mtu, akadondosha tone moja bila kugusa. Chai ya birika ikamwagwa nje. Ya Gathoni na Nyanchoka ikarudishwa motoni, ikatiwa maziwa na sukari. Akapika na kumimina Gathoni, maana Ombui alikuwa amemkataza mgonjwa kukaribia moshi wa jiko.

Wiki ya nne Dorcus alirudi Kericho. Daktari akamulika, akaangalia sana, akasema jicho ni safi na tundu limefunga. Jioni ile wale watatu wakaja tena, mikono mitupu. Dorcus akashika birika mwenyewe. Akapanga vikombe vinne, akamimina kutoka juu, uzi mrefu wa kahawia, akaukata katika kila kimoja nukta moja chini ya ukingo. Kidole kilikaa mbali, kikavu.

Wakamtazama. Chepngeno akaonja, akaonja tena, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Dorcus," akasema, "hii imepungua kitu. Haina ladha."