Mstari Niliouficha

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu, baridi ya Tabora imenipasua midomo, nami nimekaa mezani nikinakili maelekezo ya kufuma kwa peni ya bluu.   Nilijua ninachokwenda kukifanya, na bado nikakifanya.

Usinicheke. Umezoea kumwona mama yako mkubwa akiwa mtu wa rozari na kikapu cha sufu, ukadhani nilizaliwa hivi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kijicho changu kilizidi hata urembo wangu. Na urembo nilikuwa nao, muulize mama yako.

Kufuma tulifundishwa na Mama Veronika, mjane wa parokia yetu, mtu asiyetabasamu ovyo. Alikuwa na sheria moja. Ukibuni mtindo wako, karatasi ya maelekezo haitoki kwenye kikundi mpaka mwenzako aifume mbele yako, nawe umekaa kando, umefunga mdomo, huruhusiwi hata kuguna. Akikwama, kosa ni la karatasi. Tulimnung'unikia sana kwa hilo.

Basi mimi nikabuni sweta ya mtoto mchanga. Haikuwa na vifungo, ilivalishwa kichwani, na siri yake ilikuwa shingoni. Ule mstari wa mwisho, wa kufunga vitanzi, nilihamia kwenye sindano nene na kulegeza mkono. Hapo shingo inavutika, kichwa cha mtoto kinapita bila shida. Ukiitazama sweta iliyokwisha huoni kitu, ila ukiusahau mstari huo, shingo inakaza.

Jirani yetu alikuwa Yustina. Kwa mumewe ni Puge, lakini alikuja kukaa kwa kaka yake hapa mjini apate kuwa karibu na hospitali, maana alikuwa amepoteza watoto wawili na mimba hii ya tatu ilimtia hofu. Alijiunga na kikundi chetu, na ndani ya miezi michache mkono wake ukanipita. Alifuma sawasawa, uzi umekaa kama umepigwa pasi. Siku aliponiomba maelekezo ya sweta yangu amfumie mwanawe, roho iliniuma. Niliona kabisa watu wakianza kumwendea yeye.

Kumnyima niliona aibu. Nikampa. Nilinakili kila mstari, isipokuwa ule unaosema uhamie sindano nene. Nikampelekea nyumbani, nje ya kikundi, ili Mama Veronika asipate habari. Yustina aliishika ile karatasi kwa mikono miwili akanishukuru.

Wiki tatu zilizofuata, mwanangu, sikupata raha. Kila jioni alikuja uani kunionyesha. "Nimefika kwapani, Agnesi." "Nimemaliza mkono mmoja."  Siku tatu au nne hivi nilifungua mdomo nimwambie, nikaishia kumuuliza habari za mgongo wake. Nilijipa moyo kwamba labda shingo ingepita tu. Halafu nikaanza kuwaza, isipopita je? Hata chakula kilinishinda.

Asubuhi moja wifi yake alinipigia kelele juu ya uzio. "Yustina kajifungua! Wa kike, mdogo mdogo, lakini mzima. Mama mkwe wake katoka Puge, kashaenda hospitali ya Kitete na ile sweta, wamesema apate nguo ya joto."

 Nilichukua baiskeli ya baba na kukanyaga hadi hospitali. Nilipofika wodini, mama mkwe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, sweta imekwama juu ya masikio ya mtoto, naye anavuta. Kilio kilikuwa ndani ya sufu. Nilipiga ukelele nikaomba mkasi, muuguzi akanipa, nikaipasua sweta kuanzia shingoni hadi kwapani. Mtoto alitoka mwekundu, akalia kwa nguvu zake zote, na mimi nikaketi sakafuni.

Mama mkwe aliitazama ile sweta, kisha akamtazama mkwewe. "Mtoto wa tatu huyu, na hata nguo ya kumvisha hujui kuifuma."

Yustina alikuwa akilia polepole. "Nimekosea wapi, Agnesi? Nilihesabu kila mstari."

Hapo ndipo Mungu alinipa nafasi, na hapo ndipo niliipoteza. Nilisema, "Labda uliruka mmoja."

Alitikisa kichwa kukubali. Aliniamini. Nimeshaomba msamaha wa mengi maishani, lakini mtikiso ule wa kichwa bado unanitesa.

Yustina alirudi Puge na mwanawe. Wifi yake akaipeleka sweta iliyopasuliwa, pamoja na karatasi yangu, kwa Mama Veronika ili aone kosa liko wapi.  Alikaa akaifuma yote upya kwa kuifuata karatasi, kisha akaniita.

"Mkono wa Yustina hauna kosa," alisema. "Sindano nene iko wapi?"

"Shikamoo, Mama. Nilisahau kuiandika."

"Marahaba. Usiniongopee. Umefuma sweta hizi nne, hujaisahau hata mara moja." Alivua miwani. "Uliona aibu kumnyima, ukaona afadhali umpe kitu kibovu, akushukuru. Bora ungemnyima, Agnesi. Angejua hana. Sasa nenda ukamwambie kwa mdomo wako."

Nilipanda basi kesho yake, karatasi mpya mkobani na sindano mbili nene za kumpa zawadi.  Yustina alikuwa barazani anachambua mchele, mtoto mgongoni. Nilimweleza yote nikiwa bado nimesimama.

Aliweka ungo chini. "Kwa hiyo sikuruka mstari?"

"Hukuruka."

Akaita ndani. "Mama! Njoo umsikie Agnesi. Agnesi, hebu sema tena."

Nikasema tena, mbele ya mama mkwe, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.  Yule mama alimfungua mtoto mgongoni mwa Yustina, akampakata, akaingia naye ndani.

Yustina alinisamehe, mwanangu. Alinipikia, tukala. Lakini sindano nene nilizompelekea alizirudisha mkononi mwangu. "Zangu nimeshamgawia mke wa shemeji," alisema. "Nilijua mkono wangu una nuksi." Nilimwambia hauna, niliapa, nililia. Hakufuma tena. Nilichokuwa nakiogopa, kwamba angenipita, nilikizuia kabisa. Niliua mkono mzuri kuliko wangu.

Sasa nikuambie kwa nini nimekuita. Ile kofia ya mtoto uliyoibuni, ukaisambaza kwenye kundi la simu, nimeifuma juzi. Yangu imesimama wima kama kifuniko cha birika. Nikarudi kuhesabu. Kutoka mstari wa kumi na saba umeruka hadi wa kumi na tisa. Sijakuuliza kama umesahau au umeuficha, na sitakuuliza. Unajua mwenyewe. Mimi nilimpa mtu mmoja, na nilipanda basi nikamfuata. Wewe umewapa wangapi? Wapo wanaofumua sasa hivi na kuanza upya, wanalaumu vidole vyao. Hao ndio wanaoninyima usingizi.

Kama kitu ni chako na hutaki kukitoa, kinyime waziwazi, hakuna atakayekufa. Ukikitoa, kitoe kizima, na kwanza mwenzako akifume mbele yako nawe umefunga mdomo. Na mtu akikuuliza amekosea wapi, usimwachie kosa lako alibebe.

Zile sindano nene za kikapuni, ulizoniuliza kwa nini sizitumii, ndizo zile. Chukua, ni zako. Mungu aibariki mikono yako, na ya kila atakayefuma kwa maneno yako, na watoto watakaovalishwa. Lakini zisubiri kidogo. Shika simu kwanza, uandike ule mstari, na useme ni wewe uliyeuruka. Nimekaa hapa. Siguni.