Chai ya Saa Nne

Hadi leo mtu akiniambia, "Ninyi walimu wa watoto wale mna moyo," namkata jicho. Moyo! Sifa hiyo ndiyo iliyommaliza mwenzangu.

Miaka ya tisini tulikuwa wawili tu katika kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili, kwenye shule moja ya msingi upande wa Butimba, kando ya ziwa. Kengele ya saa nne ikilia, walimu wote walikwenda ofisini kunywa chai. Sisi hatukwenda. Mtoto huyu apelekwe chooni, yule alishwe, na mwingine akipata upenyo tu anakimbilia ziwani. Tuliomba walimu wenzetu watupokee kwa zamu, angalau robo saa. Wajawazito walisema wakiingia kwetu watazaa watoto wa namna hiyo. Wanaume hawakuwa na mimba, lakini nao hawakuja. Mwalimu mkuu jibu lake lilikuwa moja: "Ualimu ni wito." Wito wake yeye ulikuwa na chai na maandazi.

Mwenzangu alikuwa mcheshi, akiwatungia watoto nyimbo za kujifunzia kuvaa viatu. Akaacha kuimba. Asubuhi moja nilimkuta amesimama nje ya darasa, mkono uko kwenye komeo, hafungui.

"Siku hizi nachoka kabla sijaanza," aliniambia.

Siku moja alikaa sakafuni akalia mbele ya watoto. Hasira zikanipanda. Kengele ilipolia niliwapanga watoto mstari, nikawaingiza wote ofisi ya walimu. Mmoja akachukua andazi la mkuu, akalila pale pale. Mwingine akamkumbatia mwalimu mjamzito, naye akapiga yowe kama kaona chatu.

"Watoe hawa!" mkuu alifoka. "Si ninyi ndio mna moyo?"

Mwenzangu alikuwa nyuma yangu. "Mkuu, moyo nilikuwa nao," alisema. "Umekwisha."

Mwezi haukuisha, akaacha kazi, akaenda kukata minofu ya sangara katika kiwanda kimoja mjini. Mwalimu mzima, aliyesomea kuwafundisha watoto hawa! Nikabaki peke yangu. Ndipo mkuu alipopanga walimu wa kunipokea saa nne. Alinisimamisha barazani kunipa habari hiyo, kisha akangoja nimshukuru.

Nilimwambia zamu hiyo ampelekee mwenzangu kiwandani.