Kitabu cha Ndizi Kilichopewa Pole

Mwanangu, nakumbuka siku moja ambayo ningependa kuisahau, lakini wewe umeninyima nafasi. Umenitumia kwa simu jalada la kitabu chako cha biashara ya kuku, ukaniambia umelionyesha kwa grupu ya familia na wote wamelipenda. Shangazi yako ameweka makofi. Binamu zako wameweka moto. Sasa unangoja mimi niweke nini, maji?

Keti kwanza. Nilikuwa kijana hapa Mitunguu, mwenye mke, mtoto mmoja, cheti cha fomu four na maneno mengi. Nilikuwa nimeandika kitabu kidogo cha kuwafundisha wakulima kuuza ndizi kwa kilo, wasimwachie dalali akadirie mkungu kwa macho. Yaliyokuwa ndani yalikuwa mazuri. Hata leo nayasifu, maana sijaona mwingine wa kuyasifu. Kilichobaki ni sura. Kijana wa kompyuta kule mjini akanitengenezea sampuli moja ya kitabu, na jaladani: picha yangu nikiwa na tai, ndani ya duara, maua meupe pembeni, ukingo wa zambarau, na jina langu chini kwa herufi za kujikunja. Ndizi hata moja haikuwepo. Nikajiona nadhifu kama mbunge.

Ili tupige chapa, ilibidi tuuze mtamba wetu, ng'ombe wetu wa pekee. Mama Kendi, mke wangu, alikubali shingo upande. "Huyo ndiye maziwa ya mtoto," akaniambia. "Watu wasiponunua hicho kitabu, utatukamulia hiyo picha."

Nilikuwa nimesikia kwamba mwandishi mwerevu huwauliza wasomaji kabla ya kupiga chapa. Na mimi nikauliza, usidhani sikuuliza. Lakini unajua mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, hata kanisani naketi karibu na mlango ili niwahi kurudi. Basi nikawaita wasomaji kwangu. Mama Kendi akaponda mukimo wa viazi na mahindi, tukachinja jogoo, na kitabu kikapita mkono kwa mkono pamoja na chai.

"Ni kizuri," akasema mwalimu mmoja jirani, paja la jogoo mdomoni.

"Kina heshima," akasema mama wa kanisa.

Wote walikishika kwa mikono miwili, wakashusha sauti. Nikadhani ni uzuri umewanyamazisha.

Wa mwisho alikuwa Mzee M'Rukaria, rafiki wa marehemu baba yangu. Alifuta vidole polepole, kimoja kimoja.

"Nimekula kwako," akasema. "Hata maini umenipa."

"Ndiyo, mzee. Na kitabu?"

"Mdomo ulio na mafuta yako utakusema vibaya namna gani? Peleka hicho kitu mahali ambapo hakuna mtu amekula kwako. Na usiseme ni chako."

"Lakini mzee, wote wamekisifu."

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wewe umelitia supu."

Nilikasirika. Nikamjibu kwa ile adabu ya kijana aliyemaliza shule juzi: "Mzee, chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Basi kitembeze, tujue ni kipi."

Bahati mbaya Mama Kendi alikuwa mlangoni na sufuria. Akasema mtamba hatatoka zizini mpaka mimi nitoke nyumbani.

Nikaenda Kiirua, kule juu kwenye baridi, ambako hata mbwa hanijui. Nilivaa shati la mikono mifupi, kwa sababu sisi wa joto la Mitunguu sweta tunaiona mabegani mwa watu wengine. Nilifika sokoni nikitetemeka, nikamkabidhi mama mmoja muuza ndizi ile sampuli, sikusema neno. Aliangalia jalada. Akaniangalia mimi. Akaangalia jalada tena, akaweka kisu chini.

"Woi, pole sana, baba. Mlifanana kabisa. Alikuwa ndugu yako?"

Meno yalikuwa yanagongana, sikuweza kujibu. Akaona ni majonzi.

"Na bado kijana hivi. Mnazika lini?"

Jirani yake wa viazi akavua kofia. Mama akafungua fundo la leso yake, akanitia sarafu mkononi. "Si nyingi. Itasaidia kwa sanduku."

Mwanangu, kuchangiwa jeneza lako mwenyewe ukiwa umesimama si jambo dogo. Nilimrudishia sarafu zake, nikamwambia hicho ni kitabu cha kuuza ndizi.

"Cha ndizi? Na ndizi ziko wapi?" Sasa alikuwa mkali. "Mimi nauza ndizi kila siku, na hiki ningekipita vile napita matanga ya watu sijui. Na mbona herufi ni kama mchwa? Nitasoma saa ngapi na wateja wako hapa?"

Wa viazi akarudisha kofia kichwani. "Marehemu," akaniambia, "kuja ukae karibu na jiko, usitufie mara ya pili."

Nilikaa. Walinicheka na kunifunza mpaka soko likafungwa.

Niliporudi, Mzee M'Rukaria aliniuliza tu, "Walikupa pole?"

"Kwani mzee uliona?"

"Siku ile ile. Nilikuwa natafuta ukurasa wa nyimbo za mazishi."

Kumbe wote waliona. Mwalimu aliona, mama wa kanisa aliona, na wangeniacha niuze mtamba nijizike kwa mkono wangu, mradi jogoo alikuwa mtamu. Mpaka leo jambo hilo linanichemsha. Jalada jipya lilikuwa na mkungu umening'inia kwenye mizani, herufi nene. Mtamba akauzwa. Kitabu hakikunitajirisha, lakini kilirudisha ng'ombe zizini.

Basi, mwanangu, usiwaulize waliokula kwako. Usiulize "ni kizuri?", maana hilo ni swali la kuomba sifa. Mpe mgeni, muulize "hiki ni kitabu cha nini?", kisha funga mdomo. Usimweleze, kwa kuwa dukani hutakuwepo kumweleza. Akikuudhi, vumilia, ndiye uliyemtafuta. Na kwa vile bado sijala kwako, acha nikwambie: nilipoona kuku wako pale jaladani ameiva hivyo, nilitafuta bei ya chipsi.

Mungu akupe wasomaji wenye ulimi mkali kabla ya chapa, na mkono mwepesi wa kununua baada yake. Na picha yako ikae kati ya maua meupe siku ya mbali sana, ukiwa mzee, umeshiba, na zizi lako limejaa.